Kirikuu au Hilux? Pima mzigo wako kabla hujapima pesa yako



Wiki moja kabla ya mvua za masika nilipigiwa simu na kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai na kulima mboga huku Chamazi. Ana kuku 600 na vitalu vya mchicha na chainizi. Ni mchapakazi, na nimemfuatilia tangu ana kuku mia. Akaniambia, "Shikamoo bibi shamba. Kesho naenda kulipia Hilux, dabo kebini. Nimechoka kukodi bajaji za mizigo."

Nikamuuliza pesa imetoka wapi. Ana milioni 32, gari linauzwa milioni 38, na hiyo sita iliyobaki anakopa. Nikamuuliza tena, hizo 32 zilikuwa za kazi gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema zilikuwa za kujenga banda la pili na kuingiza vifaranga.

Sikumwambia asinunue. Nilimwomba kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, nipe mwezi mmoja. Nunua daftari. Kila siku unaposafirisha kitu, andika umebeba nini, kilo ngapi, umeenda wapi na njia ilikuwaje. Mwezi ukiisha, daftari ndilo litakuambia gari gani ununue."

Alilalamika sana, lakini akakubali. Leo nawaandikia kilichomo kwenye daftari lile, kwa sababu swali hili naulizwa karibu kila wiki, kuanzia Mabwepande na Bunju kule Kinondoni mpaka Mbagala, Toangoma na Kigamboni: bibi shamba, ninunue gari dogo au pikapu kubwa?

Kwanza tuelewane tunazungumzia magari gani

Kirikuu tunayoiona mjini ni Suzuki Carry na ndugu zake kama Daihatsu Hijet na Honda Acty. Huko Japani haya magari yana kundi lake kisheria. Injini isizidi sisi 660. Tangu mwaka 1998 urefu usizidi mita 3.4 na upana usizidi mita 1.48. Mzigo ulioruhusiwa ni kilo 350, mbali na dereva na abiria wake mmoja. Ndiyo, kilo 350. Najua umeiona kirikuu imebeba mifuko 15 ya saruji. Hiyo ni kilo 750, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kwamba gari limetembea haina maana kwamba limebeba salama. Nitarudi hapo.

Katikati kuna Toyota TownAce, Nissan Vanette na Mazda Bongo zenye bodi ya wazi nyuma. Hizi hubeba kati ya kilo 750 na tani moja kulingana na modeli. Watu wengi huziruka, na wengi wao ndizo walizokuwa wanazihitaji.

Halafu kuna pikapu kamili, yaani Toyota Hilux, Nissan Navara, Mitsubishi L200, Isuzu D-Max, Ford Ranger. Uwezo wake ni kama tani moja, na zinapita kwenye njia ambazo kirikuu haifiki.

Ukubwa wa gari si ukubwa wa bodi

Hapa ndipo vijana wengi wanapigwa na butwaa. Chukua futi kamba, nenda kapime.

Bodi ya kirikuu ina urefu wa kama mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Bodi ya Hilux dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5 tu, kwa sababu nafasi imeliwa na viti vya nyuma. Tena kwenye Hilux matao ya matairi yanaingia ndani ya bodi, kwa hiyo pale chini katikati unabaki na upana wa kama mita 1.1. Kirikuu bodi yake ni tambarare, na kuta zake zinafunguka pande tatu. Unapakia ukiwa umesimama chini, hupandi juu.

Maana yake ni kwamba kama bidhaa yako ni nyepesi na inachukua nafasi, mfano mchicha, matembele, trei za mayai au maranda ya kutandika bandani, kirikuu inakupa sakafu kubwa kuliko dabo kebini. Singo kebini ni habari nyingine. Bodi yake inafika mita 2.3 na inaizidi kirikuu. Kwa hiyo ukiniambia unataka Hilux kwa ajili ya shamba, swali langu la kwanza ni hili: hivyo viti vya nyuma atakaa nani?

Kama bidhaa yako ni nzito, mambo yanageuka. Angalia kilo 350 zinaisha haraka kiasi gani:

- Chakula cha kuku, mifuko ya kilo 50: mifuko 7.
- Nyanya kwenye matenga ya kilo 40: matenga 8.
- Matikiti ya wastani wa kilo 8: matikiti 43.
- Mahindi kwenye gunia la kilo 100: magunia 3 na nusu.
- Maji: simtanki ya lita 1,000 ikijaa ni kilo 1,000, mbali na uzito wa tanki lenyewe. Kirikuu haiwezi, usijaribu.
- Mayai: trei moja ya mayai 30 ni kama kilo 2. Unaweza kubeba trei 170, na nafasi ikabaki.

Mwenye mayai na mwenye matikiti wote wanajiita wakulima wa biashara. Hata hivyo, hawawezi kununua gari moja.

Kosa langu mwenyewe

Nisijifanye nimezaliwa nayajua haya. Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu wa kiume tulilima matikiti Mkuranga. Tukanunua kirikuu ya mkononi kwa sababu ilikuwa rahisi na inakula mafuta kidogo. Hesabu yetu yote ilikuwa mafuta. Hakuna aliyeuliza tikiti lina kilo ngapi.

Siku ya mavuno tulipakia matikiti 110. Piga hesabu mwenyewe: karibu kilo 880. Springi zikalala kabisa, gari likawa linaangalia juu kwa mbele. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikapanda daladala nyuma yake. Kwenye mteremko wa Kongowe breki zikawa zimepata moto, akikanyaga haishiki. Akashusha gia, akalivuta gari pembeni, tairi la nyuma likapasuka na gari likaegemea ubavu. Matikiti yakamwagika barabarani.

Yeye alitoka na michubuko tu, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini nilipofika pale nikamwona amekaa chini kashika kichwa, nilielewa kitu ambacho darasani sikukielewa. Kwenye kirikuu hakuna boneti mbele yako. Miguu yako ndiyo inayotangulia. Ukikosa breki nyuma ya Fuso, chuma kinachokukinga ni chembamba sana.

Hasara ya matikiti tuliilipa kwa msimu mmoja. Mama yetu alichukua muda mrefu zaidi kunisamehe.

Kwa hiyo msinisome kama mpiga debe wa kirikuu. Kuna watu wanaumizwa na gari kubwa mno, na kuna watu wanaumizwa na gari dogo mno. Yule wa kwanza anaumia mfukoni polepole. Huyu wa pili anaweza kuumia siku moja tu.

Daftari la kijana wa Chamazi lilisema nini

Baada ya mwezi alikuja ofisini na daftari lake, limechafuka kwa mafuta ya boda. Tukakaa.

Kwanza mayai. Kuku 600 wakitaga kwa asilimia 80 unapata mayai 480 kwa siku, yaani trei 16. Yeye hupeleka mara mbili au tatu kwa wiki. Mzigo wa mayai haukuzidi kilo 110 hata siku moja.

Pili mboga. Hizi alikuwa anazipeleka karibu kila siku ya kazi alfajiri, sokoni Temeke Stereo na kwa wateja wake wa migahawa, wakati mwingine mpaka Mabibo. Zilikuwa kilo 80 hadi 150.

Tatu chakula cha kuku, na hapa ndipo alikuwa ananipigia kelele kwamba lazima awe na gari la tani. Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 600 wanakula kilo 72 kwa siku, kilo 504 kwa wiki, yaani mifuko 10. Kweli, mifuko 10 haiingii kwenye kirikuu kwa mara moja. Nikamuuliza, "Ukitoka sokoni asubuhi, gari linarudi na nini?" Akasema, "Linarudi tupu." Basi. Akirudi Jumanne na mifuko mitano, na Ijumaa na mifuko mitano, chakula cha wiki kimeshafika na hakuna safari iliyoongezeka.

Nne, mizigo mikubwa. Kwa mwezi mzima alikuwa na siku mbili tu: siku aliyoleta maranda na mashudu ya alizeti kwa pamoja, na siku aliyouza mbolea ya kuku kwa mkulima wa Mkuranga.

Jumla alikuwa na safari 24 za kawaida, ambazo hakuna iliyozidi kilo 260, na safari 2 kubwa za karibu tani. Alikuwa anataka kununua gari la siku mbili ili alilishe siku 26.

Hesabu ya mafuta na kukodi

Tulikaa na kikokotoo. Namba hizi ni za mfano wake, wewe weka za kwako. Bei ya mafuta usikisie: EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sisi tulitumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Safari yake, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya wateja, ni kama kilomita 60. Tukachukulia kirikuu yenye mzigo inakwenda kilomita 12 kwa lita, na Hilux ya petroli kilomita 8 kwa lita.

Kirikuu: lita 5, shilingi 15,000 kwa safari.
Hilux: lita 7.5, shilingi 22,500 kwa safari.

Kwa safari 24 za kawaida, kirikuu inakula 360,000 na Hilux inakula 540,000.

Zile safari kubwa mbili, mwenye Hilux anazifanya mwenyewe kwa 45,000 ya mafuta. Mwenye kirikuu anakodi Canter. Yeye alikuwa anakodi kwa 80,000, kwa hiyo mbili ni 160,000.

Jumla ya mwezi: kirikuu 520,000, Hilux 585,000. Kirikuu imeshinda kwa 65,000.

Usishangilie bado, angalia safari kubwa zikiongezeka. Zikiwa tatu kwa mwezi, kirikuu inakuwa 600,000 na Hilux 607,500. Hapo ni sare. Zikiwa nne, kirikuu inakuwa 680,000 na Hilux 630,000. Hilux imeshinda.

Umeona? Mpaka uko kwenye safari ya tatu. Kwa shamba lako mpaka unaweza kuwa wa pili au wa sita, inategemea umbali na bei ya kukodi mtaani kwenu. Ila upo, na ukishaujua, ubishi wa kijiweni umekwisha.

Na hapo bado hatujagusa bei ya kununua. Yeye kirikuu nzuri aliipata kwa milioni 13. Tofauti na Hilux aliyoambiwa ni milioni 25. Hizo ni bei alizokutana nazo yeye, soko linabadilika. Swali la biashara ni hili: milioni 25 zikikaa kwenye viti vya ngozi zinazaa nini, na zikikaa kwenye banda la pili zinazaa nini? Ongeza tairi, ongeza spea, ongeza bima kubwa, ambayo huenda na thamani ya gari.

Kama ni pesa ya mkopo, angalia rejesho la mwezi. Rejesho likizidi kile ulichokuwa unalipa kukodi, gari halijakuokoa, umebadilisha tu mtu wa kumlipa. Na wale mlio kwenye vikundi vya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana, kumbukeni haina riba lakini ina marejesho. Kuku hawatagi kwa kuogopa tarehe.

Njia yako mbaya kabisa iko wapi?

Daftari lina safu moja ambayo wengi wanaisahau, nayo ni njia. Lami haimsumbui mtu. Kinachoamua ni zile mita mia chache za mwisho kufika shambani, mwezi wa nne, mvua imenyesha siku tatu.

Kirikuu ina matairi madogo ya inchi 12 na tumbo liko chini. Kwenye mchanga mzito wa Kigamboni na Mkuranga inazama. Kwenye udongo wa mfinyanzi ikiwa haina mzigo, tairi la nyuma linazunguka pale pale. Zipo kirikuu zinazovuta matairi yote manne, na kwa mkulima ni bora kutafuta hiyo hata ukingoje mwezi zaidi. Hata hivyo tumbo lake bado liko chini. Foo wili haiinui gari.

Kama shamba lako liko ndani kilomita tano za vumbi na makorongo, na unatoka nalo kila siku na mzigo wa kuharibika, hapo nakwambia bila kupepesa macho: tafuta pikapu ya juu. Mchicha uliokwama saa tano haununuliwi saa sita.

Kama sehemu mbaya ni mita 200 au 300 tu, fikiria kwanza lori la kifusi. Mkichanga watatu wenye mashamba jirani, mnaweza kuitengeneza njia kwa pesa ambayo haifiki hata robo ya tofauti ya magari. Na njia itawafaa wanunuzi wenu pia, maana wengi hawaji kwako kwa sababu hiyo hiyo.

Wa Kigamboni ongezeni kwenye hesabu tozo ya Daraja la Nyerere au ya kivuko. Tozo hutofautiana kwa aina ya chombo, na ukivuka kila siku inakuwa pesa.

Dada wa Kimbiji

Nisije nikaonekana nawaambia wote wanunue kirikuu. Kuna dada mmoja anayelima matikiti na kununua nazi huko Kimbiji. Naye nilimpa kazi ya daftari. Lilisema hivi: safari 14 kwa mwezi, kati ya hizo 11 zilizidi kilo 600, na njia yake ya mwisho ni mchanga mtupu.

Huyo kirikuu ingemfanya kile ilichotufanyia sisi Kongowe. Alitaka kuanza nayo kwa sababu ndiyo pesa aliyokuwa nayo. Nilimshauri aendelee kukodi msimu mmoja zaidi, afikishe pesa ya singo kebini. Alikasirika. Akaniambia, "Bibi shamba, unanichelewesha." Nikamjibu, "Dada yangu, bora uchelewe." Aliendelea kukodi, na msimu uliofuata akanunua singo kebini ya zamani, isiyo na redio wala kiyoyozi, lakini chasisi yake nzima na bodi ndefu. Mpaka leo inapiga kazi.

Ukosefu wa pesa ya gari sahihi si sababu ya kununua gari lisilo sahihi. Kukodi nako ni uamuzi wa biashara, wala si umaskini.

Heshima ya gari

Hili tuliseme maana ndilo linalojificha. Yule kijana wa Chamazi, tulipomaliza hesabu, alikaa kimya halafu akasema, "Dada, ukweli ni kwamba nikienda kwa wakwe na kirikuu wataniona muuza maji."

Nilicheka, lakini sikumdharau. Kijana aliyeacha kutafuta ajira mjini akaenda kufuga anasemwa sana. Anataka gari limsemee kwamba amefanikiwa. Naelewa. Mimi mwenyewe nina diploma, na kuna ndugu zangu bado wananiuliza lini nitapata kazi ya ofisini.

Ila nilimwambia hivi: wakwe utawaona mara mbili kwa mwaka, mwenye duka la chakula cha kuku unamwona kila wiki. Heshima inayodumu ni ya yule unayemlipa kwa wakati. Ukitaka Hilux ya heshima, inunue siku faida itakapoinunua. Usiilipe kwa vifaranga.

Kabla ya kutoa pesa, gari lolote liwe

1. Nenda na fundi wako, si wa dalali. Kwenye kirikuu nyingi injini iko chini ya viti, kwa hiyo wengi hawaiangalii. Inua kiti, angalia maji na oili, sikiliza kama inachemsha baada ya mzunguko mrefu.
2. Ingia chini ya gari. Angalia chasisi kama imechomelewa au imeliwa na kutu, hasa gari lililobeba samaki au chumvi. Angalia springi kama zimeongezwa majani. Springi za kuongeza ni ushahidi kwamba gari limebebeshwa kupita kiasi. Na wewe usiziongeze. Springi ngumu haziongezi breki.
3. Jaribu gari likiwa na mzigo. Weka mifuko sita ya chakula, tafuta mlima, tafuta mteremko. Gari tupu linadanganya.
4. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Hakiki umiliki na faini za trafiki zinazodaiwa, na uhamishe umiliki TRA mapema. Usikae na kadi ya jina la mtu.
5. Kama unaagiza nje, TRA wana kikokotoo cha kodi kwenye tovuti yao. Weka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini kabla hujatuma hata dola moja. Bei ya gari kule Japani ni mwanzo tu wa safari.
6. Ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, unahitaji leseni ya LATRA na usajili wa biashara. Namba ya njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Usije ukakamatwa na tenga la jirani. Mwambie na wakala wa bima matumizi ya kweli, la sivyo siku ya ajali bima itakukana.
7. Pima matumizi ya mafuta mwenyewe. Jaza tanki mpaka juu, tembea wiki, jaza tena. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Maneno ya muuzaji hayaendeshi gari.

Kwa kifupi

Mzigo wako wa kila siku ukiwa chini ya kilo 300, njia yako inapitika, na safari kubwa hazizidi mbili au tatu kwa mwezi, nunua gari dogo na kodi kubwa siku ikifika.

Mzigo wa kila siku ukiwa kati ya kilo 400 na 800 na njia ni nzuri, usiruke yale magari ya katikati.

Mzigo ukizidi hapo mara nyingi, au njia yako ni mbaya na bidhaa ni ya kuharibika, nunua pikapu kamili, na iwe singo kebini kama huna watu wa kubeba.

Kama hujui uko kundi gani, bado hujawa tayari kununua. Tafuta daftari.

Yule kijana alinunua kirikuu ya foo wili. Masika ilipokolea alikwama mara mbili kwenye korongo la kuingia kwake, akanipigia simu amechukia, kelele za mvua nyuma yake. Safari hii alikuwa na jirani zake wawili, wakachanga kifusi. Banda la pili limeshaezekwa, vifaranga wanaingia mwezi ujao. Kuku wakifika 1,200 chakula kitakuwa mifuko 20 kwa wiki, na hesabu yote niliyoandika hapa itabidi ipigwe upya. Tayari ameanza daftari jipya.

Kwenye bodi ya kirikuu yake, ndani, upande wa dereva, ameandika kwa rangi nyeupe: MWISHO MIFUKO 7. Vijana wanaompakilia wamezoea kumwambia, "Bosi, ongeza mmoja tu." Anawaonyesha maandishi.

Na wewe kaandike.